Bonde la Nyuma ya Stendi

Bwana wa idara ya ardhi hutabasamu kwanza ndipo apinge, na dada wa idara ya maji, anayekaa mkabala naye, hamwamini hata chembe. Idara zote zimeitwa zikubaliane lugha moja ya ramani, ili barabara ya huyu isiwe uchochoro wa yule. Kwa barabara, kwa shule, kwa misitu, bwana yule husema, "Sawa tu, ndugu zangu," huku akigonga kalamu kwenye meno. Lakini kila wakifika kwenye neno mto, kalamu hutulia, na kidole gumba chake huenda kukaa palepale kwenye ramani, juu ya bonde la nyuma ya stendi. Hapa kuna mkono wa mtu, dada hujisemea.

"Mto ni ule wenye maji mwaka mzima," anasema tena leo, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Lile ni bonde kavu, dada yangu. Viwanja tumeshagawa, watu wamejenga. Hata mimi nakaa pale."

"Na mvua zikija?"

"Ah, maji ya kupita tu hayo."

Kabla dada hajamjibu, matone mazito yanaanza kupiga bati. Wengine wanaendelea kubishana. Bwana yule peke yake anainua uso, anasikiliza, kisha anageukia ukutani, simu sikioni, ile sauti ya kubembeleza imemkauka.

"Mama watoto, acha kila kitu," ananong'ona, na dada anamsikia. "Wabebe watoto, pandeni kwa shangazi. Mto unakuja."