Miguu ya Alfani Yapata Nane

Kwa miaka ishirini na tatu kazi ya Alfani Kombe ilikuwa kukwea minazi ya hoteli moja ya Diani na kuangua nazi kabla hazijaanguka zenyewe juu ya vichwa vya wageni. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeguswa na nazi. Aliyeanguka ni Alfani mwenyewe, saa nne asubuhi, akatua juu ya kitanda cha kuotea jua ambacho Mjerumani mmoja alikuwa ametoka tu kukiacha akaenda kunywa chai. Hoteli ilimpelekea maua. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia, na kuanzia kiunoni kushuka chini mwili ukawa kama wa mtu mwingine.

Miezi minane baadaye hospitali moja ya Mombasa ilimwita kwenye utafiti. Daktari, kijana wa bara mwenye subira, aliwaeleza kwa vituo yeye na mkewe Mwanaima. Watachota mafuta kidogo tumboni mwake, watatenga humo zile chembe changa ziitwazo seli shina, watazikuza maabara kwa wiki kadhaa, kisha watamrudishia kwa sindano ya mgongoni. Huenda zikausaidia uti kujitengeneza. Huenda, alikariri daktari. Asiyepata nafuu kwa miezi sita angepigwa sindano ya pili.

"Mafuta ya huyu?" Mwanaima alishangaa, akizitazama mbavu za mumewe. "Chukueni yangu, daktari, ninayo ya kugawa."

"Lazima yawe yake mwenyewe, mama."

Huko kwao Msambweni habari hiyo ilizua kizaazaa. Watu wamezoea dawa itokayo mbali, na ikitoka mbali zaidi ndiyo bora. Jirani yao Mwinga alitaka aelezwe: ikiwa mgonjwa ndiye duka la dawa, basi daktari kazi yake nini?

Sindano ilipigwa. Tangu hapo, kila Jumatatu, binti mmoja wa utafiti alipiga simu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kilichoyaharibu ni adabu.

"Mzee, uko poa? Miguu inaendeleaje?"

"Vizuri, alhamdulillahi, mwanangu. Nanyi huko hamjambo?"

"Tuko fiti. Sasa, kutoka sifuri hadi kumi, wiki hii unaipa ngapi?"

Hakuna kidole kilichokuwa kimesogea. Lakini mtu aliyelelewa akaleleka hamwambii mtoto wa watu, aliyempigia simu kumjulia hali, kwamba hali ni sifuri. Sifuri ni kukufuru. Ni kumwambia Mungu hukunipa kitu na kumwambia daktari umejisumbua bure, yote mawili kwa simu moja. Kwa hiyo Alfani alianza na tatu, kwa heshima. Baadaye kubaki palepale kulionekana utovu wa shukrani, akapanda hadi nne, akapanda tena. Kufikia mwezi wa sita miguu yake ilikuwa na nane, na lau angeulizwa wiki mbili zaidi ingekuwa inacheza ngoma ya sengenya.

Mwenzake katika utafiti, Chome wa Taru, aliyeangushwa na lori la ng'ombe, hakuwa na maradhi hayo ya adabu. Kila Jumatatu alisema sifuri, na siku moja aliuliza kama hakuna namba iliyo chini yake.

Jumatatu ya mwisho binti alipiga akiwa na furaha. "Hongera, mzee! Umeendelea vizuri sana, sindano ya pili hutaihitaji. Atakayepigwa ni Chome."

"Ahsante sana, mwanangu. Mungu akubariki," alijibu Alfani, akaiweka simu chini huku roho inamuuma. Sindano ile ndiyo iliyokuwa tumaini lake lote.

Kabla ya kulifunga faili, daktari alitaka kuiona miguu hiyo ya nane kwa macho yake. Alimlaza Alfani kitandani, Mwanaima akiwa amesimama kando, akamwambia afumbe macho.

"Unahisi pini?"

Alfani aliisikia hamu katika sauti ya yule kijana, akamwonea huruma. "Kidogo, inshallah."

"Mzee, sijakugusa bado."

Alfani hakuyafumbua macho. "Sihisi kitu, daktari," alisema. "Tangu nilipoanguka mpaka hivi leo, sijahisi kitu. Naogopa sitatembea tena."

Daktari alikata nane, akaandika sifuri, akaliongeza jina lake kwenye orodha ya sindano ya pili, huku akimkumbusha kwamba nayo pia huenda isifue dafu. Alfani alijaa furaha. Katika ukoo wao mzima hakuna aliyewahi kuifurahia sifuri namna ile. Kisha akamtazama mkewe.

"Na kila asubuhi nikukandapo miguu," alisema Mwanaima polepole, "nikakuuliza wauhisi mkono wangu, nawe wanijibu naam?"

"Nilikuwa nakustahi, mama Yusra."

Asubuhi iliyofuata, huko Msambweni, Mwanaima alikuja na kichupa cha mafuta ya nazi, lakini hakuketi miguuni pa kitanda. Aliketi upande wa kichwa, akamvua shati, akaanza kumkanda mabega. Hakumuuliza kama anahisi.