Mwandishi Namba Saba

Miaka ile kambi ya Lukole ilipokuwa bado na watu, mimi nilikuwa na kompyuta sita na majivuno mengi. Kompyuta zilikuwa mali ya kituo chetu cha mawasiliano pale Ngara mjini, chumba kimoja chenye dishi juu ya bati na jenereta nyuma. Majivuno yalikuwa yangu mwenyewe. Tulikuwa tumeanzisha blogu tatu: ya Ngara, ambako wakulima waliandika habari za migomba, ya Biharamulo, na ya wakimbizi wa Lukole, ambao walikuwa na kompyuta mbili kwenye darasa moja la shule ya kambini.

Kero yangu kubwa ilikuwa maneno ya siri. Kila blogu ilikuwa na orodha yake ya watumiaji, kwa hiyo mtu wa Lukole akitaka kuchangia kwenye blogu ya Ngara ilibidi ajiandikishe upya na kutunga neno jipya la siri, ambalo alikuwa amelisahau kabla hajafika mlangoni. Kutwa nilikuwa nawafungulia watu waliosahau, na mimi si mvumilivu. Nikaamua kuziunganisha: orodha moja kwa blogu zote tatu, mtu aingie mara moja, atembee kote.

Lakini kulikuwa na kosa jingine, la zamani zaidi. Siku tulipofungua blogu ya Lukole nilitangaza kwamba wanaotaka kuandika waje wajiandikishe. Walikuja na kadi za posho, wakapanga foleni, baba mbele, familia nyuma. Hakuna aliyewaambia walete kadi. Ila kambini, kujiandikisha kulikuwa na maana hiyo tu: kadi moja, familia moja, jina la baba juu. Nami kwa uvivu nikanakili majina kama yalivyokuwa kwenye kadi. Tangu hapo familia nzima iliandika kwa jina la baba.

Siku ya kuunganisha nilichukua orodha ya Ngara, nikazielekeza blogu nyingine mbili ziisome hiyo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nikajipongeza kwa chai na chapati mbili. Ambacho sikukijua ni kwamba makala ndani ya blogu haibebi jina la mwandishi, inabeba namba yake tu, kisha jina linatafutwa kwenye orodha. Namba saba wa Lukole na namba saba wa Ngara walikuwa watu wawili tofauti, na sasa nilikuwa nimewafanya mmoja.

Fundi baiskeli wa Ngara, Mwislamu wa swala tano, alikuta tafakari ya Kwaresima ina jina lake. Akanipigia simu kuuliza, kwa upole kabisa, kama nimembatiza. Kesho yake akaingia katekista wa Nyamiaga, mzee ambaye maisha yake yote aliandika habari za mnyauko wa migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, watu wananipongeza njiani. Nasikia nimejifungua mapacha kwenye foleni ya maji."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema ameisoma ile makala mara tatu, na angependa kumjua mama aliyeiandika.

Mama huyo alifika mwenyewe siku mbili baadaye, na kibali cha kutoka kambini mkononi. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili Lukole. Nilianza kuomba radhi kabla hajakaa. Nikamwambia nina nakala ya orodha za zamani, hadi jioni kila kitu kitakuwa kilipokuwa.

"Kilipokuwa ni kwa mume wangu," alisema. "Ukirudisha hapo, hujanirudishia kitu."

Ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu ya kweli, siyo ile ya kuchekesha. Jumatatu alikuwa anapanda lori kurudi Burundi. Kadi itachukuliwa, nyumba itabomolewa, na katika miaka yote ya Lukole alichotengeneza yeye mwenyewe ni yale maandishi. Alitaka yawe na jina lake kabla hajaondoka. Basi.

Tatizo likawa kujua yapi ni yake. Kwenye namba saba ya Lukole zilikuwamo makala kumi na saba, na mume naye aliandika. Ijumaa nilikwenda kambini, na katekista akanifuata kwa baiskeli bila kualikwa. Mume alitupokea vizuri pamoja na mkewe kwenye lile darasa lenye kompyuta, akatupa viti. Nilipomuuliza, alisema zote ni zake. Alikuwa ameshazoea kuitwa mwandishi, na sikumlaumu, mimi nami napenda sifa.

"Hata hii ya mapacha?" katekista akauliza.

"Hata hiyo."

"Vizuri. Tueleze basi, uchungu ulikushika ukiwa wa ngapi kwenye foleni?"

Mume alimwangalia mkewe. Mke aliangalia dirisha. Kisha mume akaanza kucheka, na cheko lake lilikuwa zuri, la mtu aliyeshikwa na hana kinyongo. Akabaki na tatu, zote za mpira wa miguu. Nami nasema bila kusukumwa kwamba ile ya penalti ilikuwa nzuri.

Nilimfungulia mama namba yake kwenye orodha ya pamoja, nikaiweka kwa mkono kwenye zile makala kumi na nne, moja moja, pale pale darasani. Kisha nikamwachia kiti. Aliandika jina lake mwenyewe. Alipofika kwenye neno la siri alitutaka sote watatu tugeuke tuangalie ukutani, na tukageuka. Niliposikia vidole vyake vimenyamaza nikageuka tena. Alikuwa anasoma jina lake juu ya kila makala, akishuka polepole mpaka ya mwisho, halafu akirudi juu.

Wengine wote nikawarudishia majina yao kwa ile nakala ya orodha za zamani. Jumatatu mama na mumewe waliondoka. Baadaye kambi nayo ikafungwa na blogu yake ikafungwa pamoja nayo. Makala zote tulizihamishia ile ya Ngara, na kwa kuwa orodha ilikuwa moja, majina hayakupotea. Lakini wenye majina walinyamaza. Nilidhani huko walikokwenda hakuna kompyuta, na wengi kweli hawakuwa nayo.

Halafu asubuhi moja nilikuta makala mpya kwenye blogu ya Ngara, yenye jina lake. Ilikuwa fupi.

"Tulifika salama, ila kompyuta nimeipata sasa. Huku pia wametuandikisha, na jina la juu ni la mume wangu. Kwa hiyo nitaendelea kuandika hapa."