Kufuli Hamsini na Tisa

Jumatano saa nne asubuhi, Komeo alikuwa amebana kitasa kwenye jiliwa, tupa mkononi, redio ikisema peke yake juu ya rafu, aliposikia marehemu kaka yake akitukanwa.

Jina halikutajwa. Meya alikuwa akihojiwa kuhusu usalama wa jiji, na kwa sauti ya mtu aliyeshiba alieleza kuwa uvunjaji wa nyumba na maduka umeporomoka. Katika kata ya sokoni, kwa miezi sita, matukio yalikuwa tisa tu. Mtangazaji akauliza mbona zamani yalihesabiwa kwa mamia. Meya akacheka kidogo, akajibu kuwa zamani kituo kile kilikuwa na sajini mmoja wa kaunta aliyependa kujaza kitabu. Kila uvumi kwake ulikuwa wizi, na jiji likachafuliwa jina bure.

Kwa miaka kumi na tisa, kaunta ile ilikuwa na sajini mmoja tu. Komeo alizima redio. Alimaliza kitasa cha mteja kwanza, maana mteja hana kosa, kisha akakaa kwenye kigoda chake akitazama ukuta wa nyuma.

Jina la Komeo alipewa kwa ajili ya kazi yake, na kwa ajili ya mdomo wake, ambao ulifunguka kwa nadra. Baba yao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wanawe wawili walijua kuandika kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Nyumba ile haikuwa na mali, ila ilikuwa na mwandiko. Mkubwa aliupeleka polisi. Mtu akifika kaunta na kusema ameibiwa kuku watatu, sajini aliandika watatu. Jirani akija kuapa kuwa walikuwa wawili, naye aliandikwa, chini yake. Kisha alimsomea mlalamikaji maneno yake mwenyewe kabla hajamwomba sahihi. Wakubwa wake hawakumpenda kwa hilo, na alistaafu na mistari ileile mitatu begani.

Mdogo aliupeleka mwandiko dukani. Kila kufuli aliyoing'oa na kuweka nyingine, aliitundika kwenye moja ya nyaya tatu za ukuta wa nyuma, ikiwa na kijikaratasi chenye tarehe, mtaa na sababu; kila nusu mwaka alizishusha zote na kuanza upya. Waya wa kwanza ulikuwa wa kufuli zilizovunjwa, wa pili wa zilizochakaa, wa tatu wa zilizopotelewa na ufunguo. Mkewe aliziita takataka. Wajukuu waliziita shanga za babu.

Jioni alikwenda kwa shemeji yake, mjane wa sajini. Alimkuta amekaa wima mezani, miwani mkononi. Naye alikuwa amesikia.

"Kaka yako hakuniachia ghorofa, shemeji," alisema. "Aliniachia jina ninalotembea nalo mtaani. Sasa Jumamosi huyo bwana anakuja kwenye mkutano wa kata. Utakwenda na nini?"

Komeo alisema atakwenda na waya wa kwanza. Shemeji yake akamwambia basi anyoe ndevu na avae shati lenye kola.

Ijumaa diwani alipita dukani, akainama kutazama vitasa kama mtu anayechagua nyanya. Habari zilikuwa zimemfikia. Alimwita Komeo mzee wangu, akamuuliza hali ya goti, halafu akasema jiji lina mpango wa kubadilisha kufuli za vibanda vyote vya soko na lingependa fundi wa hapahapa, mtu mtulivu. Meya hakukusudia ubaya, na marehemu hajui kilichosemwa redioni. Komeo alimjibu kuwa marehemu hajui, lakini watoto wake wana masikio. Akawasha mashine ya kuchonga funguo, nayo ina kelele za kutosha kumwondoa hata diwani.

Jumamosi alasiri ukumbi wa kata ulijaa mpaka madirishani. Meya alikaa mbele, kati ya diwani na mkuu wa kituo, na katibu wa kata akiandika muhtasari pembeni. Majadiliano yalianza kwa haki. Mwenye duka la vitambaa alisema tangu taa za barabarani ziwekwe, mkewe anarudi nyumbani bila kukimbia, na huo ni ukweli. Dereva mmoja alisema doria zipo, ila zinapita barabara kuu tu, kana kwamba wezi nao wanaogopa vumbi la vichochoro. Watu wakacheka, na meya naye akacheka. Kisha akasoma takwimu zake, na alipofika kwenye matukio tisa, akarudia ile habari ya sajini aliyejaza kitabu.

Komeo alisimama. Alitoka mbele akiburuta mfuko, akatoa ule waya na kuulaza mezani, mbele ya chupa za maji za wakubwa. Kufuli zilitoa mlio mzito. Alisema hizi zimevunjwa katika kata hii, ndani ya miezi sita hiyohiyo. Ziko sitini na tatu.

Meya, ambaye hakufika alipo kwa kulala, alinyoosha mkono akageuza vijikaratasi kadhaa, akasimama kwenye kimoja. Akakisoma kwenye kipaza sauti, polepole, kwa raha.

"'Ufunguo umepotea.' Fundi, na huyu mwizi tumtafute wapi? Naona kujaza vitabu ni ugonjwa wa ukoo."

Kicheko kilipasuka. Komeo alikuwa amefunga duka kwa wiki nzima ya msiba wa kaka yake, na mkewe, kwa nia njema, alifagia na kuokota kufuli zilizodondoka na kuzitundika alipoona nafasi. Angeweza kusema hivyo. Lakini huo ungekuwa ni kumtupia mke kosa lake: kufuli ni zake, na hakuzikagua kabla ya kuja. Alivaa miwani, akakisoma kijikaratasi.

"Ni kweli," alisema. "Hii si ya hapa. Kosa ni langu."

Akaitoa. Halafu, badala ya kukusanya vitu vyake na kuondoka kama wengi walivyotarajia, akavuta kiti, akakaa mezani pa meya, akaanza kusoma moja baada ya nyingine kwa sauti: tarehe, mtaa, sababu. Diwani alimwambia muda hauruhusu. Komeo aliendelea. Kila kufuli ilipita mkononi mwake, upinde umekatwa, tumbo limepasuliwa kwa mtaimbo. Alitoa nyingine tatu zilizokosewa, akaziweka kando bila haya. Kicheko kilikwisha kabla hajafika ya kumi. Kufikia ya ishirini, watu walikuwa wakiitikia mitaa yao.

"Hamsini na tisa," alisema mwishoni. "Kituo kimeandika tisa, na sajini wa zamani aliandika ukweli. Nimekutolea zangu za uongo, mheshimiwa. Sasa nitolee zako."

Msusi wa karibu na kituo cha mafuta akasimama bila kuomba ruhusa. Mbili kati ya hizo zilikuwa zake. Alikwenda kaunta mara zote mbili, na mara zote aliandikiwa mali iliyopotea.

"Mashine zangu nne za kukaushia nywele zilipotea zenyewe, na zikavunja mlango wakati wa kutoka?"

Wengine wakanyanyuka, kila mmoja na hadithi ileile. Mkuu wa kituo, kijana aliyehamia mwaka uliopita, alitazama kofia yake magotini. Alipobanwa alisema ni maelekezo: pasipo shahidi, inaandikwa imepotea. Alipoulizwa maelekezo ya nani, wote waliona macho yake yalikokwenda.

Meya alisimama, akasema hoja zimepokelewa na zitafanyiwa kazi, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuomba radhi. Viti vikaanza kukokotwa.

Komeo hakuondoka. Alikwenda kwa katibu, akaomba kusomewa muhtasari. Katibu akasoma kwa aibu kidogo: mwananchi mmoja alieleza changamoto za kufuli.

"Binti yangu, mimi sikusema hivyo," alimwambia. "Andika nilivyosema. Kisha unisomee, ndipo niweke sahihi."

Katibu alitazama mlango wa pembeni, akatazama kufuli mezani, akakata mstari. Akaandika: kufuli hamsini na tisa zimevunjwa, kituo kimeandika tisa, na sajini wa zamani aliandika ukweli. Akasoma. Komeo alimwomba aongeze kuwa nne zilikosewa, naye akaongeza.

Alipotoka na mfuko wake, shemeji yake alikuwa mlangoni, amevaa vazi lake la heshima. Alimuuliza kama imeandikwa.

"Imeandikwa," alisema Komeo. "Na Jumatatu msusi na wenzake wanakwenda kaunta, kila mtu na kufuli yake. Nimewaambia wasiweke sahihi kabla ya kusomewa."