Pale Ignas Aliposhuka Baiskeli

Ignas Kasongo wa Katubuka alikuwa tarishi wa ofisi ya tarafa, na kama kuna mtu aliyewahi kuipenda kazi ya kupeleka barua kwa sababu zisizohusu barua, ni yeye. Kila Jumanne alifunga mkoba kwenye keria, akapita Ujiji umande ungali majanini, akavuka Luiche kwa mtumbwi wa Anatoli, kisha akashika njia ya ziwani mpaka Ilagala. Jumatano alirudi. Barabara kubwa ilikuwepo, yenye malori mawili matatu kwa siku na vumbi la kuwatosha watu wa wilaya nzima, na wenzake wote walipita huko. Ignas alisema barabara ile inamkatiza mawazo. Waliomsikia walicheka, maana mawazo yenyewe hawakupata kuambiwa ni yapi.

Njia ya ziwani ilikuwa nyembamba na yenye uvivu mwingi. Ilipita chini ya michikichi, ikateremka hadi kwenye matete, ikapanda tena mashambani kwa watu, ikazunguka jiwe ambalo ingeweza kulikwepa mapema. Ungeweza kuendesha saa nzima usisikie kitu ila mnyororo na ndege. Asubuhi milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, ikifika saa nne inaanza kuyeyuka, na Ignas aliitazama ikiyeyuka huku miguu inazunguka yenyewe, hajui amelala au yu macho. Mara nyingine alishtukia amefika mahali na hakumbuki alivyofika. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hana mke, hana maneno mengi, na humo njiani alikuwa na raha ambayo hakuwahi kumsimulia mtu.

Katikati ya njia hiyo palikuwa na kipande cha mchanga mwororo, kama hatua sitini, mbele ya nyumba ya mjane aliyeitwa Verediana na binti yake Leonida. Tairi likiingia pale linazama. Basi Ignas alishuka kabla ya kukifikia kiwanja chao, akasukuma baiskeli ameinamisha kichwa, maana mkoba ulikuwa mzito, akasalimu kwa sauti ndogo, akapanda tena baada ya kulipita shamba lao la mihogo. Alifanya hivyo kwenda na kurudi, wiki baada ya wiki, kiangazi chote cha mwaka 1970.

Sasa, kwa Waha wa upande ule baiskeli ilikuwa na adabu zake. Ukimkuta mzee unashuka, unapiga makofi ya salamu, mnaulizana habari za nyumbani, unapanda. Lakini ukipita kwa mama mkwe, au kwa mama unayetaka awe mkwe wako, unashuka mbali, unasukuma kimya, macho chini, na hupandi mpaka umelimaliza shamba lake. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi alilijua hilo. Ignas hakulijua. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo, na kwao Katubuka watu walipita kwa wakwe zao wakipiga kengele.

Aliyemfumbua macho ni Anatoli, katikati ya mto.

"Ndugu Tarishi, posa unapeleka lini?"

"Posa gani?"

"Ya kwa Verediana, bwana! Kiangazi kizima unamshukia mama mkwe, na sisi tunaona. Yule mama anasema hajapata kuona kijana mwenye heshima kama wewe. Na Leonida keshakataa watu wawili."

Ignas alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili. Alitaka kusema ni mchanga, mchanga tu, lakini mtumbwi ulikuwa umefika ng'ambo, akashusha baiskeli.

Wiki chache baadaye mvua zilianza. Mchanga ule ukinyeshewa hushikana, ukawa mgumu kama sakafu, mtu angeweza kuupita na gunia la mihogo mgongoni mwa baiskeli. Ignas alifika pale, akaupima kwa macho, akashuka. Alijiambia si vizuri kumshtua mama wa watu. Uongo mtupu! Siku hiyo aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamwona Leonida anakoroga chungu cha mawese, uso umelowa mvuke, na Leonida akamwambia, "Mwakeye," kama mtu anayemsalimu jirani. Salamu hiyo moja ilimtosha mpaka Ijumaa.

Akaendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Posa hakupeleka. Kila alipotaka kumtuma mshenga alikumbuka kwamba jambo lenyewe limeanza kwa kosa, akaona haya, akaahirisha. Tena, tuseme kweli, alikuwa amenogewa. Njia ile, maji yale, nyumba ile inayojitokeza kati ya michikichi, na mtu anayemsubiri bila kumdai jibu: nani angependa kuamshwa hapo?

Aliamshwa mwaka 1972, na barua ya kumwamsha aliibeba mwenyewe. Watu wote wa njia ya ziwani walitakiwa kuhamia kijiji kipya, kando ya barabara kubwa, kabla mwezi haujaisha. Leonida alimsomea mama yake. Verediana alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamtazama tarishi.

"Ni wewe umetuletea?"

"Ni mimi, mama."

"Haya. Afadhali wewe kuliko mtu baki."

Ignas alisukuma baiskeli mpaka mwisho wa shamba, akapanda na kuondoka akiwa na uchungu ambao hakujua auweke wapi.

Barua za Ilagala hazikukoma, naye hakuihama njia yake. Sasa alikuwa na kimya kingi kuliko alichowahi kuomba. Nyumba zilikuwa zimevuliwa nyasi za paa, mihogo imeachwa, chikichi zinaanguka na hakuna wa kuziokota. Jumanne ya tatu alifika kwenye mchanga, akashuka mbali, akasukuma macho chini mbele ya kuta tupu, kwa heshima zote, na alipofika katikati akasimama. Njia ilikuwa ile ile, ziwa lile lile, na hakuvitaka. Alichokuwa anakipenda kilikuwa kimehama kwa miguu, na godoro kichwani. Mtu mzima akalia pale, mchana kweupe, ameshika usukani.

Aliporudi Jumatano, Anatoli alimpa habari bila kuulizwa. Polycarp, mwenye zamu ya kuuza katika duka la kijiji kipya, alikuwa anapeleka posa Jumapili, na safari hii Verediana angekubali. "Msichana hawezi kumngoja mtu asiyesema," Anatoli alimwambia, na hakucheka.

Jumamosi, bila mkoba, Ignas alikwenda kwa barabara kubwa. Njiani kote alikuwa na mpango mmoja tu, ule anaoujua: atashuka mbali, atasukuma kimya, na mama ataelewa.

Kijiji kipya kilijengwa kwa mstari, nyumba kushoto na kulia, milango yote inatazama barabara. Mlango wa kwanza palikaa mzee. Ignas akashuka, akapiga makofi, akamsalimu. Akainua mguu apande, na mlango wa pili palikaa mzee. Wa tatu, bibi. Wa nne, mzee na nduguye. Hakupanda tena. Alisukuma baiskeli mlango kwa mlango, shikamoo kwa shikamoo, jasho linamtoka, na alipofika kwa Verediana alikuwa amewashukia watu thelathini na wanane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Verediana alikuwa anachambua maharage na hakuyaacha. "Nimekuona tangu kule mwanzo. Umemshukia kila mtu. Sasa mimi nitajuaje?"

Nyuma ya nyumba Leonida alikuwa anatwanga. Ignas alitazama barabara, akaona Jumapili ilivyo karibu, akafungua kinywa.

"Mama, nisamehe. Kule ziwani nilikuwa nashuka kwa ajili ya mchanga. Desturi yenu sikuijua."

Maharage yalisimama mkononi. Mchi nao ukanyamaza. Ignas aliona uso wa yule mama unavyojifunga, akajua amejimaliza mwenyewe.

"Mchanga," Verediana alisema. "Kiangazi kizima nikajivuna mbele za watu, kumbe mchanga." Kisha akakunja paji la uso. "Na masika je? Masika ule mchanga ni sakafu. Watu wote walipita juu ya baiskeli zao, wewe ukashuka."

"Masika nilishuka kwa ajili ya Leonida."

Hakuwahi kulitamka jina hilo kwa sauti. Verediana aligeuka upande wa uani.

"Wewe! Umesikia anavyosema? Ati mwanzo ulikuwa mchanga tu!"

Leonida alitokea pembeni ya nyumba, mchi mkononi.

"Nilijua ni mchanga, mama," alisema. "Ndiyo maana nilingoja mvua."