Mwalimu Aliyekosea Kidole

Mwalimu wa hesabu alikuwa na mikono mipana iliyopauka kwa chaki, na kikohozi kilichofika darasani kabla yake. Watoto wake walitoka nyumba za kila lugha, na kila mmoja alihesabu vidole kama walivyohesabu kwao: huyu anaanzia gumba, yule kidole cha mwisho, mwingine anakunjua ngumi, mwingine anaikunja. Hakumkemea hata mmoja. "Ilimradi kumi yako ifike kumi, mwanangu," alikuwa akisema, huku akifuta ubao kwa kiwiko cha koti.

Msichana mgeni alikaa siku tatu bila kufungua kinywa, akihesabu kwa siri chini ya dawati. Siku ya nne mwalimu akapiga magoti kando yake, magoti yenyewe yakalia ko, akaanza kuhesabu kwa namna ya kwao msichana. Alipofika katikati akakunja kidole ambacho si zamu yake. Msichana akashindwa kuvumilia. Alikishika kile kidole kikavu, akakinyoosha, akakunja kingine.

"Hivi," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza pale darasani.

"Kumbe! Ahsante, mwalimu wangu."

Leo msichana yule ni mtu mzima, naye anafundisha, na fahari ya siku ile haijamtoka. Ila anaukumbuka pia muhula uliofuata, alipoletwa mgeni mwingine. Mwalimu akapiga magoti, yakalia ko, akahesabu, akakosea kidole. Darasa zima likamwona. Hakuna aliyemsahihisha; walimwachia mgeni.