Simulation ya transfo iliyotuokoa Walikale wakati wa vita, sina hata mtu wa kumuuliza

Wakuu, salamu popote mlipo.

Hiki kisa sijawahi kumsimulia mtu mwanzo hadi mwisho. Sitaongeza chumvi. Na msinicheke Kiswahili, mimi ni dada wa Kivu, kwetu transformer tunaiita transfo.

Nimesomea umeme Goma. Nyumbani ni Nyamitaba, Masisi, mama yangu analima maharage. Kazi niliipata mbali, upande wa Walikale, kwenye kituo cha afya chenye turbine ndogo mtoni. Umeme unapanda mlima kwa waya, unafika kwenye transfo nyuma ya maternité, wodi ya wazazi, inaushusha, tunautumia.

Tulikuwa mafundi wawili. Vita vilipokaribia, risasi moja ilitoboa tangi la transfo, mafuta ya kuipooza yakamwagika. Mwenzangu akaziba tundu, akaongeza akiba yote ya mafuta tuliyokuwa nayo. Kipimo kikaonyesha limejaa.

Kisha akaondoka na familia yake. Simlaumu, alikuwa na watoto wadogo.

Madaktari nao wakaondoka. Majirani wakaingia porini, wengine wakakimbilia machimbo ya Omate.

Nikabaki mimi, wagonjwa wasioweza kutembea, Mama Furaha ambaye ni muuguzi, na Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekataa kuacha duka na tanuri lake la mikate.

Réseau ya simu ikakatika. Mama yangu sikujua yuko hai ao amekufa.

Wakuu, nilifika mahali naisalimia transfo asubuhi. Naiuliza imeamkaje. Mama Furaha alikuwa na wagonjwa wake kutwa nzima, Papa Kambale yuko dukani. Kuna siku sauti yangu ilitoka imekwaruza, nikagundua tangu jana yake sijaongea na mtu.

Ndipo transfo ikaanza kuchemka. Nilifunga kipima joto cha maabara ubavuni kwa waya, kila siku kinapanda. Rangi ikaanza kubabuka.

Kwa wakati ule tulikuwa na mapacha waliozaliwa kabla ya siku zao, wako kwenye kuvezi, lile sanduku la joto la watoto wachanga. Transfo ikiungua, kuvezi imekufa, na transfo ya pili haipo. Na kuifungua kuchungulia ndani ni lazima uzime umeme, usubiri ipoe. Sikutaka kuzima kwa kubahatisha.

Kwenye laptop nilikuwa na programu ya chuoni. Unachora kitu chako, unakipa sheria za fizikia: umeme, sumaku, joto, mwendo wa mafuta. Yenyewe inakokotoa. Nikachora chuma cha katikati, coil za shaba, tangi, na yale mabomba ya pembeni ya kupoozea. Vipimo vya nje nilichukua kwa futi ya cherehani. Vya ndani nilikisia kutokana na kibao cha kiwandani.

(Laptop yenyewe ilikula umeme wa transfo hiyo hiyo. Ni kama kumpima mgonjwa huku umemwegemea.)

Simulation ikasema transfo inatakiwa iwe ya uvuguvugu tu. Ya kweli huwezi kuiwekea kiganja. Nikabadilisha mzigo wa umeme. Hapana. Nikabadilisha joto la hewa. Hapana. Nilitamani mtu mmoja tu wa kumwambia, hebu angalia hapa, nimekosea wapi?

Mwisho nikafanya kitu nilichokiona cha kijinga, maana kipimo kilisema tangi limejaa. Nikapunguza mafuta kwenye mchoro.

Mafuta ya moto hupanda, huingia bomba kwa mdomo wa juu, hupoa, hurudi chini. Nilipoyashusha chini ya ule mdomo, mzunguko ukasimama, na joto kwenye screen likaruka hadi karibu kabisa na la kipima joto changu.

Kumbe kipimo cha tangi kilikuwa kimekwama, na akiba yetu haikutosha.

Sasa mafuta tutoe wapi? Lori la Papa Kambale, ambalo lingetuletea, lilikuwa limekwama Mushaki, barabara imefungwa. Papa wa watu akanitolea mawese. Nikamwambia yana maji, yatatulipua.

Nikawaza: kama siwezi kuongeza mafuta, nipunguze nafasi. Kulikuwa na vikombe vya kaure vya laini ya zamani, vile vinavyoshika waya kwenye nguzo. Ukivizamisha, mafuta yanapanda. Nikavijaribu kwanza kwenye simulation. Nikivirundika upande mmoja vinaziba mdomo wa chini wa bomba, joto linazidi. Nikivipanga kwenye pembe, mafuta yanapita.

Tuliviosha, Papa Kambale akavikausha kwenye tanuri lake.

Mama Furaha akaniuliza, “Dada, uko na hakika?”

Nikamjibu, “Hakika sina. Niko na hesabu.”

Akatazama kuvezi kwa muda. “Basi zima.”

Yeye na mama wa mapacha wakawafunga watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakajifunika mablanketi. Mimi nikasubiri, nikafungua tangi.

Mafuta yalikuwa chini ya mdomo wa bomba. Nikageuka nimwambie mtu. Ua lilikuwa tupu. Nikakaa chini nikalia, halafu nikaendelea kupanga kaure.

Tulipowasha, joto lilipanda kidogo, likasimama, likaanza kushuka. Watoto wakarudi kwenye kuvezi wakiwa hai, wote wawili.

Kesho yake Mama Furaha alikuja na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, akavuta kiti, akasema nimuonyeshe kile nilichokuwa nachora siku zote. Nikamuonyesha. Rangi nyekundu ni joto, mishale ni mafuta yanatembea. Nikasita, nikaona namchosha.

Akasema, “Siko naelewa yote. Lakini endelea.”

Niliongea mpaka sombe ikapoa.

Barabara ilipofunguka tulipata mafuta halisi. Mama yangu nilikuja kumpata Goma, kwa ndugu, mzima.

Nilichojifunza: kipimo kikisema hivi na mkono wako ukisikia vingine, usidharau mkono. Na mtu akikueleza kazi yake, msikilize hata kama huambulii kitu. Huwezi jua ni lini mara ya mwisho alisikilizwa.

Wataalamu wa simulation, nikosoeni, hasa kwenye ile kaure, sijui mpaka leo kama vitabuni inakubalika. Na wewe usiyejua umeme, andika tu kwamba umesoma. Nitafurahi.