Viti vya Kuazima

Jirani yangu tunamwita Bibi Godoro, maana umri wake wote ameshona magodoro. Alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba na sindano yake ndefu. Analipasua godoro lililobonyea, anaanika pamba juani, anaichambua kwa vidole mpaka inapumua, kisha analijaza upya. Nusu ya mtaa huu tumelalia kazi ya mikono yake. Kwa mikono hiyo hiyo alilea watoto wa marehemu dada yake, na sijawahi kumsikia akinung'unika mbele ya Mungu wala mbele ya watu.

Siku hizi vidole vimejikunja, havifunguki. Watoto wale wako mbali, nao wana mizigo yao. Kodi ya chumba ikamshinda, mwenye nyumba akamwambia mwezi ukiisha ahame. Ndipo nilipomshika mkono tukaenda kumwandikisha kwenye posho ya wazee wasio na kipato. Tukaambiwa afisa atakuja nyumbani kuona hali yake.

Majirani hawakukosa ushauri.

"Bibi, vaa lile gauni lililochanika," kinyozi akamwambia. "Na usifagie. Ukimwona tu, kohoa kidogo."

"Nikohoe na sina kikohozi? Na mgeni anakuja kwangu, nisifagie?"

Akafagia, akapiga deki. Kisha akapita kuazima: viti vyangu viwili vyenye mito, meza ya kinyozi, zulia la mama wa duka. Tulimpa. Nani angemnyima mzee kiti cha mgeni wake?

Afisa alikuwa dada kijana, mpole. Akakaa, akanywa chai, akazungusha macho chumbani. Halafu akafunga faili lake.

"Bibi, nimefurahi kukuona. Ila kusema kweli, wewe unajiweza. Kuna wenzako hata pa kukaa hawana." Akainuka.

Nikafungua mdomo nimweleze, Bibi akanituliza kwa mkono.

"Mjukuu wangu, usiondoke na hesabu mbaya. Hicho ulichokalia ni cha huyu jirani yangu. Meza ni ya kinyozi. Zulia ni la mama wa duka, na amesema nisilimwagie chai. Changu ni godoro lile na sindano iliyochomekwa ukutani."

"Sasa Bibi, kwa nini hukuniacha nione ilivyo?"

"Ulisema unakuja kuniona. Ningekukalisha chini?"

Afisa akacheka mpaka akajifuta macho. Akaomba tutoe vitu vya watu. Tukavibeba, kinyozi akilalamika kwamba kikombe kimeacha alama kwenye meza yake. Chumba kikabaki kitupu, sakafu inang'aa, na Bibi katikati, hakuinamisha kichwa. Afisa akaandika upya akiwa amesimama, maana hapakuwa na pa kukaa.

Jibu la kukubaliwa lilikuja kabla mwenye nyumba hajarudi kumtoa. Nilipiga magoti nikashukuru. Bibi alilipa kodi kwanza, halafu akawa anajinyima hiki na kile mpaka akanunua kiti kimoja cha mbao.

Mwaka uliofuata afisa akaja tena kukagua, akakaribishwa kwenye kiti.

"Na hiki ni cha nani?"

"Hicho changu," Bibi akasema. "Kaa kwa raha zako, lakini usije ukaniandika tena kwamba najiweza."